Kwa Baba Neema, Aliyegeuza Basi Njiani

Mpendwa Baba Neema,

Theluji imeanguka tena hapa Birmingham. Gari limefunikwa hadi halijulikani rangi yake, na mimi leo siendi popote, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Barua hii itasomwa na watu wa ushirika kabla yako, najua. Acha wasome. Nao wamo humu ndani, na wengine walikucheka hadi wakashika mbavu.

Unakumbuka majira yetu ya kwanza ya baridi katika nchi hii? Tulikuwa tunakaa Aston, kwenye ile nyumba iliyobanana na nyingine kama meno, na gari letu jekundu lilikuwa halijatimiza mwezi mikononi mwetu. Asubuhi ile kioo cha mbele kilikuwa kimeganda chote. Mimi nilikuwa nachelewa kazini Harborne, kwa wazee niliokuwa nawatunza, na wewe ulikuwa nje unakwangua barafu kwa kadi ya plastiki, polepole, kama mtu anayepara samaki wa mgeni. Nilikutazama dirishani nikaona utanimaliza. Nikachukua birika lililokuwa linachemka, nikatoka nalo, nikamwaga maji yote juu ya kioo. Kioo kikalia paa! Kikapasuka kutoka kona hii hadi ile. Nilibaki nimeshika birika, mdomo wazi. Wewe ulitazama kioo, ukatazama birika, ukaniuliza, "Yamebaki ya chai?" Tukarudi ndani tukanywa chai, kisha tukapanda basi kwenda kazini.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Mtu wa kutazama kwanza. Mimi nimekulia Nakuru, kwenye barabara pana ambayo kila mtu anaikimbilia, na kwa muda mrefu nilidhani ni uvivu tu. Ukaniambia habari za kwenu Wundanyi, jinsi ukungu unavyoshuka mlimani na magari yote kusimama kando kwenye zile kona. Watu wanashuka, wanazungumza habari za mahindi na za ndoa za watu, hakuna anayemuuliza dereva kwa nini. Ukungu ukiinuka, wanaendelea. "Na wakichelewa?" nilikuuliza. Ukasema, "Si wote wamechelewa?" Nikakuambia Wataita mna maneno. Ukacheka kile kicheko chako cha puani.

Lakini ni wewe huyohuyo uliyepewa na ushirika funguo za basi dogo la kanisa. Wewe ndiwe uliyekuwa na leseni ya kuliendesha, na tena hukujua kusema hapana. Wageni wanaosoma hapa niwaeleze: katika nchi hii, mmoja wetu akifiwa, hatumwachi alie peke yake ukutani. Awe London, awe Scotland, tunapika, tunapakia, tunakwenda kukaa naye matanga. Tunaimba, tunaosha vyombo, tunarudi usiku huohuo kwa sababu kesho kuna zamu. Na kabla ya kuondoka tunaombea safari. Mchungaji anaweka mkono juu ya boneti, sote tunazunguka gari, na ikishasemwa amina hakuna anayerudi ndani. Hata kama umesahau skafu, unakwenda shingo wazi. Ukirudi unaambiwa umeitoboa sala.

Siku ile tulikuwa tunakwenda Carlisle, kwa yule ndugu yetu aliyefiwa na mke. Ilikuwa Januari. Mama Kevin alikuwa amekaa nyuma yako na sufuria la pilau mapajani, limefungwa kwa leso mbili, na harufu yake ilikuwa imewashika watu wote. Tulipita Stafford tukiimba. Theluji ilianza kama mzaha. Ulipoingia kwenye kituo cha mapumziko, watu walishuka kwenda msalani, na mimi nikakuona unalizunguka basi. Ulipiga tairi teke. Ukainua uso ukatazama kule kaskazini tulikokuwa tunakwenda, ambako mbingu na nchi zilikuwa kitu kimoja. Ukapanda ukawasha gari bila neno.

Kwenye motorway mtu hageuzi anapotaka. Lazima uende mbele tu mpaka njia ya kutokea inayofuata. Kwa hiyo tuliendelea kuimba na kupiga makofi, na hakuna aliyejua kitu, hadi tuliposikia indiketa. Ka-ka, ka-ka, ka-ka. Wimbo ukafia njiani. Mchungaji akainama mbele akasema, "Baba Neema, si umejaza mafuta?"

"Nimejaza, Mchungaji."

"Sasa huku ni wapi?"

"Ni nyumbani. Tunarudi."

Basi lile nusura lipasuke. Mama Kevin alisimama na sufuria lake: "Ai! Na hii pilau nimpelekee nani? Mimi nimeamka saa tisa kukaanga vitunguu!" Mwingine akasema hii ni weather tu, si mwisho wa dunia. Mchungaji, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, akasema, "Ndugu yangu, tumeshaomba." Nawe ukamjibu ukiwa umekazia macho barabara, mikono yote miwili juu ya usukani, "Tuliomba tufike salama, Mchungaji. Hata nyumbani ni kufika."

Laiti mambo yangeishia hapo. Jumapili tukasikia kwamba watu wa ushirika wa Leicester walipita njia ileile, wakafika, wakaimba, wakala, wakarudi bila hata mkwaruzo. Basi likawa jina. Baba Rudi! Vijana walikuita hivyo pale kanisani, wazee nao wakaiga. Ukitaka kutoka nje ya ukumbi mtu anauliza, "Baba Rudi, leo utafika mlangoni?" Nami sikuachwa. Nikawa Mama Rudi, kwa msusi, jikoni, kila mahali. Nilikuwa nawaka. Nilimwambia Mama Kevin kwamba mume wake yeye angeendesha hadi baharini mradi ameombewa, tukanuniana mpaka Pasaka. Nilipokuja kukulalamikia nyumbani ulisema, "Wamenipa jina, hawajanipa jeneza." Ukaendelea kumenya viazi.

Lakini kuna jambo ambalo hawakuliona. Theluji ilipoyeyuka, ulichukua siku yako ya mapumziko, ukapanda gari letu jekundu, ukaenda Carlisle peke yako. Yule ndugu alinisimulia mwenyewe siku ya kukuaga wewe. Alisema wakati huo nyumba ilikuwa imenyamaza, wageni wote walikwisha kwenda zao, simu haikulia, na yeye alikuwa amekaa anazitazama nguo za mke wake asijue azifanye nini. Akasikia mlango. Ukaingia, ukavua viatu, ukamsaidia kukunja nguo. Jioni ulinipigia simu ukasema neno lako lile moja la kila safari, "Tumefika." Hata ukiwa peke yako ulisema tumefika. Nami nilikuwa silali mpaka nilisikie.

Ulipoondoka haikuwa barabarani. Ilikuwa moyo, pale hospitalini, mchana, na jua la uongo dirishani. Watu walikuja kutoka kila pembe kukaa nami, hata wa Leicester walikuja, na hakuna aliyethubutu kutaja lile jina. Tukakusindikiza hadi Wundanyi, tukakulaza kwenye mteremko wenu, ukungu ukashuka na kila mtu akasimama akangoja. Kisha mimi nikarudi huku, kwa sababu kazi ni huku na mtoto ni huku. Mume wangu, hakuna siku nisiyokutamani. Nakutamani hasa asubuhi, nikisikia jirani anakwangua kioo.

Nilianza kuliendesha gari mwenyewe. Kiti chako ulikiacha kimesukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya hiyo miguu yako mirefu, nami sikuweza kukivuta. Nilinunua mto mnene nikauweka mgongoni, nikawa nafikia pedali kwa ncha za vidole kama mtoto anayejifunza baiskeli ya baba yake. Watu waliniambia, Mama Neema, utajiua. Niliwaambia napenda hivyo.

Sasa nikueleze ya Neema, maana ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Neema yuko Glasgow na Espoir wake, yule kijana wa Uvira, kule Kongo, ambaye ulimuuliza kama anajua kuendesha gari kabla hujamuuliza ukoo wake. Alipopata mimba nilimwambia, "Baba hayupo, lakini mimi nitakuwepo. Utafungua macho utaniona." Wewe unajua kwetu: uzazi wa kwanza wa binti, mama yake anakuwepo. Ndiye anayempikia uji, anayemkanda, anayempokea mtoto na kumwogesha mara ya kwanza. Niliagiza unga wa wimbi kutoka nyumbani. Niliomba likizo ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimejipanga, lakini mtoto hakuwa ameambiwa.

Simu ililia asubuhi, katikati ya ile theluji kubwa ya Desemba. Ni Espoir. "Mama, maji imetoka. Tuko tunaenda hôpital." Akampa Neema simu. Mwanao tangu aanze shule hanijibu kwa Kiswahili, nasema naye kwa Kiswahili ananirudishia Kizungu, na hata uchungu haukumbadilisha. "Mum," alisema, "don't drive. It's really bad up here." Nikasikia anapumua. Kisha kwa sauti ile ya zamani, ya alipokuwa akiamka na homa, akasema, "But are you coming?"

Ungefanya nini? Treni zilikuwa zimesimama. Redio ilikuwa inawasihi watu wasisafiri kama hawana lazima, na mimi nilikuwa nauliza redio, lazima ni nini kama si hii? Nilimpigia Mama Kevin. Alikuja na buti zake na flaski ya chai ya tangawizi, akasema, "Twende, mimi nitakuwa nakuongelesha usilale." Kina mama wengine wawili wakaja kutoka mtaa wa pili wakitembea, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaomba hadi theluji ikawajaa mabegani. Amina. Nilikuwa nimesahau glavu mezani. Sikurudi kuzichukua.

Tulikwenda vizuri. Lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu lilikuwa limepita. Mama Kevin aliimba, akanihadithia ugomvi wa dada zake, akaimba tena. Lakini baada ya Stafford ilianza kushuka ile nzito, ya upande, inayokuja machoni kama mtu anayekurushia unga. Wipa zilikuwa zinasukuma na kushindwa. Nilikanyaga breki kidogo tu, nyuma ya gari ikataka kutangulia mbele. Mama Kevin akakatiza wimbo. Nikaingia kwenye kituo cha mapumziko bila kuchagua, na nilipozima gari ndipo nikaona ni palepale.

Nilishuka. Nikalizunguka gari kama wewe. Nikapiga tairi teke ingawa sijui tairi inatakiwa kujibu nini. Nikatazama kaskazini, nikaona ule ukuta mweupe uliouona wewe. Dereva mmoja wa lori alikuwa anavuta sigara karibu, nikamuuliza habari za mbele, akaniambia malori yamekwama kwenye milima ya Cumbria, na polisi wanazungumzia kufunga barabara, lakini bado hawajaifunga. Bado hawajaifunga! Heri wangeifunga, Baba Neema. Mtu akikufungia barabara, si wewe uliyemwacha mtoto wako.

Nilipanda garini. Nikautoa ule mto mgongoni, nikautupa nyuma. Nikaingiza mkono chini ya kiti chako, nikakivuta mbele, hadi miguu yangu ikazishika pedali sawasawa. Mama Kevin aliona, akageuza uso dirishani. Nilidhani nimekivuta ili nipate nguvu ya kwenda Glasgow. Nilikuwa nimeamua kwenda. Nilikuwa naisikia ile "are you coming" masikioni, na nilikuwa radhi kwenda hata kwa magoti.

Tukarudi barabarani. Kutoka pale mpaka njia ya kutokea si mbali, lakini nilipita maisha yangu yote humo. Nilimwona Neema anafungua macho na mimi nipo. Kisha nikamwona anafungua macho, na simu ya Espoir inalia, na ni polisi. Mtoto ambaye amekwisha kumzika baba. Nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, niambie." Kulikuwa na wipa tu, na Mama Kevin aliyeshika flaski kwa mikono miwili. Mkono wangu ukashuka ukagusa indiketa. Ka-ka, ka-ka, ka-ka.

Mama Kevin alinigeukia. "Mama Neema. Si tumeshaomba?"

Nilishindwa hata kumjibu kwa maneno yako. Nilikuwa nalia hovyo. Akanitazama, akatazama mbele, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Haya. Polepole hapo kwenye kona. Tukipata pa kusimama nikumiminie chai."

Njia yote ya kurudi hakuimba. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, kama anayejisemea, "Ile pilau tulikuja kuila wenyewe, na ilikuwa tamu." Nikacheka na machozi yangu. Ndiyo mara ya kwanza kulitaja jambo lile tangu tununiane.

Nikiwa bado na koti, nikampigia Neema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu, habari za malori na milima. Nikasema tu, "Mwanangu, nimegeuza. Niko nyumbani." Nikasikia mashine za hospitali, nikasikia Espoir anauliza kitu. Nikajua nimemvunja moyo. Kisha Neema, huyu wa Kizungu, akasema, "Kama Baba." Akasema tena, akilia, na katikati ya kilio kulikuwa na kitu kama kucheka. "Umefanya kama Baba."

Espoir aliweka simu karibu na mto. Nilikaa jikoni kwetu, unga wa wimbi ukiwa bado kwenye begi, nikamwambia mwanao vuta pumzi, toa, vuta, toa, kama vile mkono wangu uko mgongoni kwake. Haukuwepo. Mtu wa kwanza kumwogesha yule mtoto ni nesi ambaye simjui hata jina, na hilo linaniuma hadi leo, sitakudanganya. Nilisikia kilio chake kikitoka kwenye kile kidude cha simu, chembamba, cha hasira. Espoir alikuwa anapiga kelele, "Mama! Mwanaume! Iko mwanaume!"

Wala sijui kama ningefika. Barabara haikufungwa mpaka jioni. Huenda ningepita kama watu wa Leicester, nikaingia wodini na theluji kichwani, ikawa hadithi ya kusimulia harusini. Aliyegeuza hajui kamwe alichokiepuka. Anajua tu alichokikosa. Ndicho ulichokuwa umekibeba miaka yote ile walipokuwa wanakuita lile jina, na hukuniambia kwamba ni kizito.

Barabara zilipofunguka nilikwenda. Peke yangu, kiti kikiwa mbele, glavu mikononi. Wageni wa Espoir walikuwa wamekuja na kuondoka, nyumba ilikuwa kimya, masinki yamejaa, na Neema alikuwa amekaa kitandani nywele timutimu, amechoka ile ya kutotaka kuulizwa kitu. Nikavua viatu. Nikakoroga uji. Alikunywa bakuli zima kisha akaniwekea mtoto mapajani.

"Mum," akasema, "this is Mwadime."

Baba Neema, miaka yote ile sikuwahi kukuita jina lako. Nilikuita Baba Neema, nilikuita wewe, nilipokasirika nilikuita huyu mtu. Mwadime lilikuwa jina alilokuita mama yako, la kwenye pasipoti, na la kwenye msalaba kule mlimani. Nikafanya ujanja wa mabibi wote. Nikamwambia mtoto, "Karibu, mume wangu," nikitania. Neema hakunikubalia. "No, Mum. Say it."

Nikalisema. Halikutoka vizuri mara ya kwanza. Mtoto akafungua jicho moja, akanitazama kwanza, bila haraka yoyote, kisha akalala tena.

Basi nikiwa nimemshika hivyo nikatafuta simu kwa mkono mmoja nimwambie mtu neno lako lile, na nikakumbuka kwamba aliyekuwa akilingoja hakuwa wewe. Aliyekuwa akilingoja siku zote ni mimi. Wewe ndiwe uliyekuwa ukilisema. Sasa nalisema mimi, nawe ulingoje huko kwenye ukungu wenu, ukilisikia ulale:

Tumefika.

Mkeo,
Mama Rudi